Usiiache "Yes" bila mkia

Jumapili iliyopita nimerudi kutoka kanisani, hata viatu sijavua, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa kijana nisiyemfahamu. "Shikamoo kaka. Mimi ni mpagazi, huu ni msimu wangu wa nne mlimani. Nimefanya usaili wa mwongozaji msaidizi nimekosa tena, hii ni mara ya tatu. Wanasema Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Lakini kaka nimemaliza kidato cha nne. Sijui nakosea wapi." Chini yake ameandika maswali aliyoulizwa na majibu aliyoyatoa, kama mwanafunzi anayempelekea mwalimu daftari lisahihishwe.

"Are you married?" Amejibu, "Yes, I married." "Did you sleep well last night?" Amejibu, "Yes, I sleep." "Does your mother live in Moshi?" Amejibu, "Yes, he live." Na la mwisho, "Don't you drink?" Amejibu, "Yes."

Nilipofika hapo nikakaa chini. Jibu hilo, neno hilo hilo moja, nililitoa mimi mwaka 2010 katika ofisi moja ya utalii pale Moshi mjini, na lilinigharimu misimu miwili zaidi ya kubeba mizigo.

Mimi ni mtoto wa Marangu. Nilianza kupanda Mlima Kilimanjaro na mzigo mwaka 2008, miezi michache baada ya kumaliza shule. Wenye kuijua kazi hii hawahitaji kusimuliwa. Kilo 20 za kampuni begani, begi lako mwenyewe mgongoni, siku ya kwanza kambi ya Mandara mita 2,720, kisha Horombo mita 3,720, kisha Kibo mita 4,720. Kibo hakuna maji, kwa hiyo na maji unayabeba. Wageni wanafika wanakuta chai inachemka. Na wewe, kila siku, unamtazama mwongozaji anavyotembea na begi dogo, anacheka na wageni, anawaeleza majina ya miti, na unajiambia: siku moja ni mimi. Najua na wewe unayesoma hapa umewahi kujiambia hivyo, mlimani au kwingine, maana mpagazi hatenganishwi na mwongozaji kwa nguvu za miguu. Wanatenganishwa na mdomo.

Basi 2010 nikaitwa kwenye usaili. Walikaa watu wawili: mama mmoja mzungu na mzee mmoja wa Kitanzania. Jina, umri, njia ninazozijua, yote nilijibu vizuri. Ndipo mama akauliza, "Don't you drink?" Mimi sinywi. Bibi yangu alikuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuuza, nimekulia katikati ya mapipa, na tangu kipaimara sijaonja. Lilikuwa swali nililolingoja kwa hamu. Nikajibu kwa sauti ya juu, "Yes!" Kichwani mwangu nilikuwa nimesema: ndiyo, sinywi.

Akaandika kitu. Akaniuliza, "So you drink?" Nikasema, "No." Akasema, "But you said yes." Nikasema, "Yes." Yule mzee akacheka. Yeye alielewa nilichokuwa nasema, alielewa kabisa, maana ni Mswahili kama mimi, na sentensi moja tu kwa mama yule ingetosha. Hakuisema. Imepita miaka mingi, nimefika kileleni Uhuru mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mita 5,895, na kicheko kile bado nakisikia.

Sasa tazama kilichotokea pale. Kwetu mtu akikuuliza "Hunywi?", unajibu "Ndiyo, sinywi." Unamwitikia muulizaji, unamwambia umesema kweli. Kiingereza hakimwitikii muulizaji, kinatazama jambo lenyewe. Unakunywa? "Yes." Hunywi? "No." Swali ligeuzwe upande wowote, jibu halitikisiki. "Do you drink?" "No, I don't." "Don't you drink?" "No, I don't." Ni kitu kidogo ambacho mwalimu angeweza kukimaliza kwa dakika kumi, na mimi hakuna aliyenipa dakika hizo. Shule ya msingi tulisoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa mengine. Ukiingia kidato cha kwanza, ghafla kila kitu ni Kiingereza, na mlango wa ofisi ya walimu umebandikwa "No English, No Service." Matokeo yake tukawa hatuendi ofisini. Miaka minne tunajaza nafasi zilizoachwa wazi, na ukimaliza unajua kujaza nafasi, hujui kuulizwa.

Kazi ya usaidizi niliipata baadaye, kampuni nyingine. Na huko ndiko nilikojifunza kwamba kosa lile si la usaili tu.

Ilikuwa 2013, usiku wa Horombo. Kati ya wageni wetu alikuwepo mama mmoja Mjerumani na mumewe. Ukungu umeshuka, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, wageni wamelala mapema. Kazi yangu ilikuwa kupita kila kibanda kuuliza hali, kwa sababu kichwa kinachouma mlimani hakipuuzwi. Ndivyo ugonjwa wa mwinuko unavyoanza. Nikagonga mlango. Sikutaka kuwafungulia baridi, nikauliza nje ya mbao: "Mama, you don't have headache?"

Akajibu kwa sauti ya chini, "Yes."

Nikasikia: ndiyo, siumwi. Nikamwambia, "Okay, sleep well," nikaenda jikoni kunywa chai na wenzangu.

Yeye alikuwa ameniambia kwamba kinamuuma. Kesho yake akatembea kutwa nzima kwenda Kibo, kimya, akijua kwamba mimi najua. Jioni akatapika. Aliposimama akawa anayumba, hawezi kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari ulionyooka. Anayeijua kazi hii anajua maana yake, kwamba ugonjwa wa mwinuko umezidi, na dawa ni moja: kushuka, saa hiyo hiyo, bila kungoja asubuhi. Kiongozi wetu akabaki na wengine waliokuwa wakijiandaa kuondoka usiku wa manane kuelekea Gilman's Point, kule juu ukingoni mwa kreta. Mimi, wapagazi wawili na mumewe tukamteremsha mpaka Horombo kwa taa za kichwani. Kulipokucha alikuwa amekaa kitandani, ameshika kikombe, uso umerudi rangi. Mungu ni mwema.

Mumewe akanitoa nje. Akaniuliza polepole, bila kupaza sauti, "Didn't she tell you?"

Nikasema, "Yes." Kisha nikaona hapana, hapa sitaliacha neno hili peke yake tena. Nikaongeza, "Yes, she did."

Njia nzima usiku ule nilikuwa nimelirudia swali langu kichwani na jibu lake, mpaka nikaelewa. Kwa hiyo nikisema usiiache "Yes" bila mkia, sisemi kwa sababu nimelisoma mahali. "Yes" tupu inaweza kusikika kwa njia mbili. "Yes, I do" haina njia mbili. Ule mkia, "I do," "she did," "they are," wengi wanaudhani ni adabu au madoido ya wazungu. Hapana, ndio unaobeba jibu.

Na mkia unautoa wapi? Unautoa kwenye neno la kwanza la swali. Aliyekuuliza amekwisha kukupa jibu mkononi. Akianza na "Do," mkia ni "do." Akianza na "Did," ni "did." "Can you cook?" "Yes, I can." "Have you eaten?" "Yes, I have." "Are you tired?" "No, I'm not," maana "are" ya muulizaji ukijisemea mwenyewe inageuka "am." "Is your mother well?" "Yes, she is." Sisi nasi tuna utaratibu wetu: mtu akikuuliza "Umekula?" unamrudishia kitenzi, "Nimekula." Waingereza pia wanarudisha, ila wanarudisha kile kitenzi kisaidizi cha mbele, kile kikubwa wanakiacha. Ndiyo maana kijana wangu alisema "Yes, I sleep." Alirudisha kitenzi kama anavyorudisha Mswahili. Alikuwa na akili timamu, alitumia sheria ya lugha nyingine.

Sasa hiyo "do" yenyewe inatoka wapi, maana ndiyo inayowatesa wengi. Kwetu swali ni sauti. "Unaumwa kichwa." "Unaumwa kichwa?" Maneno ni yale yale, umepandisha sauti tu mwishoni, au umetanguliza "je." Kiingereza kinataka neno litoke lilipo lisimame mbele. Kwenye "You are tired" lipo la kutoka, "are," linatangulia: "Are you tired?" Kwenye "You feel dizzy" hakuna msaidizi wa kutanguliza, na "feel" siku hizi haitangulii. (Enzi za Shakespeare waliweza kukitanguliza kitenzi chenyewe. Leo hawawezi.) Basi wanakodi mpagazi. Mpagazi huyo ni "do."

Na wewe mpagazi mwenzangu utanielewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Mzigo mmoja haubebwi na watu wawili. "She lives in Moshi": kitenzi kimebeba ile "s." Ukimleta "does," mzigo anauchukua yeye, kitenzi kinatembea mikono mitupu: "Does she live in Moshi?" Ukisema "Does she lives," umewabebesha wawili mzigo mmoja. "You slept" ina mzigo wa wakati uliopita. Akija "did," mzigo ni wake: "Did you sleep?" Kamwe si "Did you slept." Nimewafundisha vijana zaidi ya kumi kwa mfano huu na sijaona aliyeusahau.

Neno la kuulizia nalo litangulie. Sisi tunaliacha mwishoni, "Unatoka wapi?", ndiyo maana wengi wanasema "You come from where?" Mgeni atakuelewa, lakini kwenye usaili atakukata alama. "Where do you come from?" Na kwa swali la namna hiyo usijibu "Yes." Jibu "Marangu," basi.

Halafu "he" na "she." "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo ulimi unachukua lolote lililo karibu. Mama ni "she." Kila siku, kila jibu. Na "Yes, I'm" haipo, ni "Yes, I am," ukiikata tu pale unapokataa: "No, I'm not."

Wadogo zangu, niwaambie ukweli hata kama unauma. Nakutana na vijana wamejaza daftari zima kwa maneno magumu, wanajua majina ya kitaalamu ya mimea yote ya msituni, na hawawezi kuuliza "Did you drink water?" Mgeni aliye mita 4,720 hahitaji maneno magumu. Anahitaji umuulize maswali matano mafupi yaliyonyooka na uelewe anachojibu. Na yaulize kwa kunyoosha. "Do you have a headache?" Usiulize kamwe "You don't have a headache?" Nimekwisha kukuonyesha swali la namna hiyo lilinifikisha wapi. Mwenye roho ya mtu mikononi mwake hana ruhusa ya kuuliza ovyo.

Wala usijidanganye kwamba utaokota njiani. Mimi nilidhani nitaokota, nikaokota "Yes" isiyo na mkia. Fanya mazoezi kwa sauti. Ukiwa unapanda na mzigo, jiulize na ujijibu: "Am I cold? Yes, I am. Did I eat? Yes, I did." Wenzako watakushangaa mpaka Mandara, wakifika Horombo wataanza kukujibu. Sisi wagumu, yaani wapagazi, tuna masaa mengi ya kutembea. Hakuna shule ndefu kama ile njia.

Kijana yule nilimpigia Jumatatu jioni, na kila jioni tangu hapo. Dakika ishirini, maswali tu. Jana nilimwekea la mwisho bila kumwonya: "Don't you drink?" Akanyamaza. Nikamsikia ananong'ona pembeni ya simu, "sinywi, sinywi." Kisha akasema, "No, I don't." Leo usiku tunaendelea na "does" na "she," maana kijana bado anamwita mama yake "he."