Ajira nyingi zenye ujira duni haziondoi umaskini

SWALI: Nafanya kazi kiwandani Morogoro, mwaka wa pili sasa. Nalipwa shilingi 6,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi. Nauli ni 1,200 kwa siku, chakula kwa mama lishe 2,000, na kodi ya chumba ni 40,000 kwa mwezi. Mwajiri anasema sisi ni vibarua, kima cha chini hakituhusu, na tukidai zaidi atapunguza watu. Je, si kweli kwamba nchi inahitaji kwanza ajira nyingi, mishahara mizuri ije baadaye?

JIBU: Ndugu msomaji, katika shilingi 156,000 unazopata, nauli, chakula na kodi vinachukua 123,200. Zinabaki 32,800 za kulea watoto, kujitibu na kununua sabuni. Katika takwimu wewe umeajiriwa, lakini homa moja ya mtoto inatosha kukuingiza kwenye madeni. Ajira humtoa mtu katika umaskini kwa kile kinachobaki mkononi mwake, wala si kwa jina lake kuwamo kwenye daftari la mahudhurio.

Kinachonikera zaidi ni hiyo kauli kwamba kibarua hana haki ya kima cha chini. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia mwajiri huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi; saa hizo wewe unazimaliza ndani ya wiki moja. Amri ya Mshahara, ambayo ndiyo huweka kima cha chini, nayo hutaja viwango vya saa na vya siku kwa kila sekta, kwa hiyo tafuta kiwango cha sekta yako katika amri iliyoanza kutumika Januari 2026.

Kuhusu hofu ya kupunguzwa, ni kweli kwamba kima kilichopandishwa kupita uwezo wa uzalishaji huua ajira. Hata hivyo, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipopandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwaka 1992, wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa yake na ya Pennsylvania jirani, wasione ajira zikipungua. Anayelipwa vizuri haachi kazi ovyo, na fedha zake huishia gengeni na kwa fundi cherehani, ambako nako ajira huzaliwa.

Wapo wanaojiita washauri wa rasilimali watu wanaowauzia waajiri mbinu ya kuvunja mikataba kila baada ya miezi michache, ili mfanyakazi asihesabiwe wala kuchangiwa NSSF. Huo si ushauri wa kitaalamu, ni kumsogezea mtu umaskini hadi uzeeni. Kwa hiyo, yeyote anayewatangazia idadi ya ajira mpya, muulizeni pia zinalipa kiasi gani, na kama michango ya wafanyakazi inapelekwa.