Gitaa la flamenko Forodhani: anza na tangos

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa miezi michache anaweza kupiga flamenko, ule muziki wa Kihispania, mbele za watu kwenye bustani ya Forodhani, Zanzibar. Anaweza, ila achague vizuri. Solea, mmoja wa mitindo ya flamenko, iache kwanza. Mzunguko wake una mapigo 12, na mkazo unaangukia la 3, 6, 8, 10 na 12. Khofu ikikushika utapotelea humo humo. Chukua tangos, mtindo mwingine wa flamenko (si ile tango ya Argentina), mapigo manne tu, au rumba ya flamenko. Vipande viwili vifupi vinatosha, lakini uvijue hata mtu akikusemesha huku unapiga.

Noti ikikosewa watu husamehe. Mapigo yakikatika kila mtu anajua, na hapa kwetu watu wamekulia kwenye taarab na ngoma, huwadanganyi. Kwa hiyo mtafute rafiki akupigie makofi pembeni. Hata Uhispania gitaa la flamenko lilianza kwa kumsindikiza mwimbaji, kupiga peke yako kukaja baadaye.

Kabla ya Forodhani, piga barazani kwenu baada ya Isha, watoto wakikukatiza kila dakika. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe, kuliko kujifungia chumbani.

Nyuzi za nailoni hubadilika sauti zikitoka ndani penye feni kwenda kwenye joto la nje, basi kaa na gitaa nje kidogo ndipo ulitengeneze sauti. Kibali cha kupiga hapo uliza mapema. Ikiadhiniwa, simamisha; usingoje uambiwe.