Usimfungie kwa kufuli

Dada wa Shangani, umeuliza kama umfungie mdogo wako chumbani usiku, maana ana mawazo ya kujidhuru na mnakaa ghorofani. Usimfungie, tafadhali. Moto ukizuka, moshi humfikia mtu kabla ya miali, nawe utakuwa unapapasa funguo gizani. Mwambie fundi aweke kizuizi dirisha lifunguke sentimita 10 tu, kama hospitali za Uingereza. Kwa joto letu la Mtwara, upepo bado utaingia. Kwa kuwa dirisha halitakuwa njia tena, mlango lazima ufunguke kwa ndani bila ufunguo. Weka kengele inayolia ukifunguliwa. Dawa zikae kwako. Lakini kubwa ni hili: asilale peke yake, na leo hii mpeleke hospitali ya Ligula, nakusihi. Zimamoto ni 114.