Kwenu makarani wapya wa bandari ya Tanga mnaosema "niko fiti"

Wadogo zangu, nimevumilia vya kutosha. Ndani ya wiki moja nimemkuta mmoja wenu amejikunja nyuma ya kontena anameza vidonge vikavu bila maji. Mwingine, mwenye pumu, amekuja zamu ya usiku dawa ya kupuliza kaiacha nyumbani Pongwe, eti kwa sababu jana hakubanwa. Wa tatu ana vidonda vya tumbo, na chakula chake cha usiku ni kopo la enaji na karanga za mia tano. Nikiwauliza, jibu ni lile lile: "Niko fiti, bi mkubwa." Fiti gani hiyo ya kushikilia nguzo?

Wengi mnajua, na asiyejua ajue leo: nina sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nimezaliwa nayo, nimeshika tali, karatasi ya kuhesabia mzigo wa meli, nikiwa nayo tangu enzi za matishari, vile vyombo bapa vya kuvusha mzigo mpaka gatini, na sasa nawapangia zamu nikiwa nayo. Watu wa Tanga tunasifika kwa "waja leo waondoka leo", lakini ugonjwa wa aina hii umekuja na mkeka wake. Kwa hiyo sitawaambia namna ya kupona. Nawaambia namna ya kwenda kazini.

1. Mwambie mtu mmoja, na umwambie ukiwa mzima.

Nimesema mmoja. Si kundi la WhatsApp la zamu, wala si genge zima la makuli. Msimamizi wako, basi. Na ukiwa mzima, kwa sababu maumivu yakishafika maneno hayatoki. Mwambie unaumwa nini, ikianza unaonekanaje, na yeye afanye nini. Yangu ni fupi: nikinyamaza ghafla na kuanza kusugua magoti, nipe maji, nitoe kwenye upepo, nitafutie usafiri wa hospitali ya Bombo, na usiniulize kama nina uhakika.

Mimi sikumwambia mtu. Miaka ile kina cha gati zetu kilikuwa mita 3, meli kubwa inatia nanga huko nje, mzigo unaletwa kwa matishari. Ninyi mliokuja baada ya kuchimbwa mpaka mita 13, mnaoshuka ngazi ya meli mkaenda kunywa chai na mahamri, hamjui maana ya kukaa melini mpaka boti ya zamu ije. Ukipanda jioni, umepanda. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi michache, unahuishwa kwa neno la mtu, na kwenye fomu ya kazi, pale palipouliza ugonjwa wa kudumu, niliandika "hakuna". Mama alinikataza. Nikamwambia, mama, ukiandika ukweli huitwi.

Ulikuwa usiku wa kusi. Meli ya mbolea, magunia, slingi baada ya slingi, yaani kila fungu linaloinuliwa na winchi. Mimi nipo melini nahesabu yanayotoka ngamani, tumboni mwa meli, mwenzangu yupo gatini anahesabu yanayotoka kwenye tishari. Kijana mmoja mpole, tuliingia kazini pamoja, tukigawana mihogo na nauli. Haijafika saa sita usiku, miguu ikaanza. Anayeyajua maumivu haya hahitaji maelezo, na asiyeyajua sina la kumwelezea akaelewa: mfupa unauma kwa ndani, mahali ambapo mkono haufiki. Mfukoni nilikuwa na diklofenaki, vidonge vya maumivu, niliyonunua duka la dawa bila kuandikiwa na yeyote. Nikameza. Baada ya muda mfupi nikameza tena. Maji sikuwa nayo, kwa kuwa nilikwepa kunywa ili nisihangaike na choo cha meli. Wanawake wa tali mnanielewa.

Nikakaa chini, mgongo kwenye chuma cha baridi, karatasi ya tali mapajani. Slingi za mwanzo nilikuwa nimezihesabu kwa macho yangu na zote zilikuwa kamili. Basi nikaacha kuangalia. Winchi ikilia, nachora mstari. Ikilia, nachora. Kila slingi nikaiandika sawa na zile za kwanza. Kumbe chini ngamani makuli wamefika kwenye magunia yaliyochanika, wanayatupa kando, na slingi zinapanda pungufu. Alfajiri chifu ofisa wa meli akasaini tali yangu, nami nikasaini, mkono unatetemeka. Akaniuliza kama nasikia baridi. Nikasema ndiyo.

Hesabu ya mwenzangu ilikuwa chini ya yangu, na yake ndiyo ilikuwa ya kweli. Lakini yangu ilikuwa na saini ya meli. Tena magunia yakipotea kati ya meli na gati, nani anatafuta mgonjwa? Anatafutwa mwizi. Wakamshika yeye na watu wa tishari, akahojiwa, akasimamishwa. Mimi wakati huo nimelazwa na dripu mkononi. Habari nililetewa na wafanyakazi wenzangu waliokuja kunitazama na machungwa ya Muheza. "Yule rafiki yako kumbe ana mkono mrefu," wakaniambia, na kunimenyea chungwa.

Msifikiri sikujua. Nilijua pale pale, chungwa likiwa mdomoni. Nikajipa sababu: naumwa, nikitoka nitasema. Nikatoka. Nikasema mkataba ukihuishwa nitasema. Ukahuishwa. Nilipokuja kwenda kwa foromani, mzee wa watu alivua helmeti, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, si ungeniambia usiku ule nikakuletea boti?" Boti! Kitu chenyewe kilikuwa boti tu. Alikuwa na redio ya upepo mkononi usiku kucha.

Mwenzangu aliandikiwa barua ya kusafisha jina, lakini nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa mtu. Leo ana duka la vipuri vya baiskeli kule Ngamiani. Nikipita ananisalimia vizuri, anawauliza wanangu kwa majina, hajawahi kunisema. Ndiyo maana siku nyingi nazunguka barabara nyingine.

Kwa hiyo mkiniambia mnaficha kwa sababu hamtaki kusumbua watu, nawasikiliza mpaka mwisho, halafu nawauliza tali shiti iko wapi.

2. Ijue kalenda ya mwili wako.

Sikoseli haina uchawi. Chembe nyekundu zikikosa maji au hewa ya kutosha zinajikunja na kukakamaa, zinaziba mishipa midogo, na mahali palipozibwa ndipo panapouma. Baridi, jua kali, uchovu na maambukizi vyote vinaisukuma huko. Sasa tazama kazi yetu: Januari gatini lami inachemka na wewe uko ndani ya rifleta na helmeti, masika unalowa, Juni na Julai kusi linakupiga usiku kucha na jasho halijakauka. Mimi naomba zamu za mchana miezi ya kusi, naziomba mapema, ratiba ikiwa bado ya penseli. Januari nalipa deni, nawachukulia wenzangu zamu zao za usiku. Hakuna anayelalamika, maana kila mtu anajua nikichukua nalipa.

Mwenye pumu, kalenda yako ni mzigo. Ukisikia inaingia meli ya klinka, malighafi ya saruji, au kitu chochote cha vumbi, usingoje uone kifua kitasemaje. Sogea upande wa magari au ukae ofisini na makaratasi. Kijana mmoja aliniambia kubadilishiwa meli ni aibu, wenzake watamwita mtoto wa mama. Nikamwambia mimi ni mama, na nimembadilisha.

3. Maji: chupa ya lita moja na nusu, yako, yenye alama, na inaisha kabla ya nusu ya zamu. Choo tutakitafuta.

4. Dawa ya kila siku ni ya kila siku.

Hapa ndipo mnaponipandisha presha, nami presha sina. Mtu kaandikiwa haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, anaimeza wiki ambazo anasikia vibaya, akipata nafuu anaiweka juu ya kabati. Ile haitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Kazi yake ni kupunguza hizo kraisisi zenyewe, yaani mashambulio ya maumivu, inataka kumezwa kila siku kwa miezi kabla hujaona tofauti, na inataka kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Ukiruka kliniki ya kupima kwa sababu kuna meli, umeiruka dawa yenyewe. Pumu vile vile: ya bluu inafungua kifua kilichokwisha kubana, ile nyingine ya kila siku ndiyo inayozuia kisibane. Mtu anaipenda ya bluu kwa kuwa anaisikia ikifanya kazi, hii nyingine anaiona maji.

Na diklofenaki, jamani. Ukiwa umekauka maji halafu unazimeza mfululizo, unaziumiza figo, na mwenye vidonda vya tumbo anajitafutia kutapika damu. Muulize daktari ukiwa mzima: maumivu yakianza nianze na nini, kiasi gani, na yakifika wapi niache kumeza nije hospitali. Andika. Mimi karatasi yangu iko nyuma ya kitambulisho cha kazi, imepigwa laminesheni kwa gharama zangu.

5. Si kila homa ni malaria.

Kuna karani mwenzenu, simtaji, anaumwa "malaria" kila mwisho wa mwezi. Hajapima hata siku moja. Ananunua mseto, anameza siku ya kwanza, akipata nafuu vilivyobaki anavihifadhi kwa malaria ijayo. Nilimkuta na paketi zilizoanzwa kwenye droo ya meza, zimepangwa vizuri kuliko faili zake. Kipimo cha kidole kinachukua muda wa kunywa chai. Kikisema ipo, mtu mzima anameza vidonge 4 mara 6, vinaisha vyote 24 kwa siku 3, na ameze na chakula chenye mafuta kidogo. Kikisema haipo, kuna kitu kingine kinachokuunguza, na mseto unakuchelewesha kukijua.

Kwa wenye sikoseli wenzangu nasema kwa ukali zaidi: bandama zetu nyingi zimekwisha kuchoka, maambukizi yanatuelemea haraka. Homa kwetu hailaliwi, haisubiri zamu iishe. Ikipanda, unakwenda usiku huo huo. Malaria nayo si ya kuchezea kwetu, ndiyo maana nasema upime, sijasema uipuuze.

6. ED, karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi, ichukue, na uipeleke.

Nimeona mtu kapewa ED ya siku tatu, kaikunja kaitia mfukoni, siku ya pili yuko gatini anachechemea, anataka tumwone shujaa. Siku ya tano kalazwa, na kwenye faili lake hakuna karatasi hata moja inayoonyesha alianza kuumwa lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini inataka cheti cha daktari. Na wewe uliyeingia juzi ujue kwamba kabla hujatimiza miezi sita kazini likizo hizo za kulipwa bado hazijakufikia, kwa hiyo miezi hiyo ndiyo ya kuelewana na msimamizi kwa mdomo, mapema, uso kwa uso. Nakala za vyeti weka nyumbani. Ofisi zinahama, makabati yanapotea, nimeyaona hayo.

Na likizo ya mwaka ni ya kupumzika. Ukiitumia yote kulala wodini ili faili lionekane safi, mwezi wa kumi na moja utakuwa mtu wa kukorofishana na kila dereva wa lori getini.

7. Kula kabla ya kupanda zamu. Bada na samaki, wali, chochote, alimradi si enaji.

8. Dawa za shangazi.

Zitakuja. Ukishajulikana unaumwa, kila mtu ana mti wake. Mimi nimeletewa mwarobaini, rosela, kitunguu swaumu, na asali ambayo aliyeileta aliapa imetoka Handeni, ingawa chupa ilikuwa na lebo ya dukani. Pokea, shukuru. Juisi ya rosela ni tamu, kunywa. Anayekwambia uache vidonge ili mti wake ufanye kazi, huyo mpishe njia kwa adabu, hata kama ni mama mkwe. Hasa kama ni mama mkwe.

9. Hii ni ya ninyi wazima.

Mnacheka tangu namba moja mkidhani hayawahusu. Mwenzenu akisema anaumwa, acheni lile neno lenu la "tena?". Anajua kwamba ni tena. Msimpe pole ya nusu saa na visa vya binamu yenu aliyefariki kwa ugonjwa huo huo. Shika karatasi yake ya tali, muulize amefikia slingi ya ngapi, andika muda, tia saini yako pale alipoishia yeye, na uanze kuhesabu wewe kwa macho yako, gunia kwa gunia. Halafu ndipo upige simu ya gari. Akirudi atakukuta namba zako na zake zimekaa mbalimbali, na hakuna atakayeitwa ofisini kueleza.

Ratiba ya wiki ijayo naifunga Ijumaa saa kumi jioni. Mwenye la kuniambia, nipo ofisi ya zamu, mlango wa pili, na feni imetengenezwa.