Bibi yangu ameacha mshahara, anacheza na watoto wa watu

*Shangazi, bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa mhasibu wa kampuni ya malori ya madini, analipwa dola. Akaacha, akarudi chuoni kusoma saikolojia, ada akalipa kwa pesa ya likelemba yake, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Sasa yuko staji, mafunzo ya kazi, kwenye kituo cha watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Anakaa chini, anafinyanga nao udongo. Nikimuuliza wamesema nini, ananyamaza. Naogopa atatuletea mapepo. Hata mtoto wetu wa miaka 7, aliyerudia kukojoa kitandani tangu kaka yangu afariki, anamkimbilia yeye tu. Mama anasema nimrudishe kwao. Baba wa Katuba, Lubumbashi*

Mwanangu, pole kwa msiba wa kaka yako, na pole kwa nyumba kupungukiwa. Unga haununuliwi kwa vyeti, hilo nalijua.

Lakini bibi yako hana kosa. Unasema ameacha mshahara kana kwamba amekupora, kisha kalamu yako yenyewe inaandika "likelemba yake". Amesoma kwa jasho lake. Wewe umepoteza nini hapo, zaidi ya kuitwa bwana wa mhasibu?

Hayo ya mapepo yaache. Sheria ya nchi hii ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inakataza kumwita mtoto mchawi, nawe unayaandika maneno hayo ukiwa na mtoto nyumbani. Je, akikusikia?

Kuhusu ukimya wake: ndiyo kazi. Mtoto aliyelazwa nje na baba yake mwenyewe hawezi kufunguka kwa mtu ambaye jioni atayapeleka maneno yake mezani, kwenye bukari na sombe. Bibi yako ana msimamizi wake wa kumweleza, na mtoto akiwa hatarini atasema panapotakiwa. Kwako atanyamaza. Mheshimu kwa hilo.

Na udongo si mchezo wa bure. Mtoto mdogo hana maneno ya huzuni. Atafinyanga nyumba isiyo na mlango, ataibomoa, ataifinyanga tena wiki ijayo, na anayekaa naye hamharakishi wala hamsahihishi. Saa ni ileile, vifaa viko palepale, hadi mtoto aamini kwamba mtu huyu haondoki. Wanaojifunza kazi hii wakiwa watu wazima ni wengi. Anna Freud alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuwatibu watoto. Erik Erikson, aliyefundishwa naye huko Vienna, alikuwa mchoraji, na digrii ya chuo kikuu hakuwahi kuipata.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Mshahara umeupa nafasi kubwa, mapepo nayo umeyapa nafasi, na mwanao umempitisha kwa sentensi moja. Kikulacho ki nguoni mwako, Baba wa Katuba. Mtoto amefiwa na baba mkubwa, analowesha shuka, na wewe kinachokuuma ni kwamba anamkimbilia mama yake. Umemwambia nini kuhusu kifo kile? Nadhani hukumwambia neno, kwa sababu na wewe hujalia. Mficha uchi hazai.

Wanaume wa siku hizi mnaoa mwanamke msomi, mnamsifu mbele ya rafiki zenu, kisha siku elimu yake inapogeuka kuwa moyo wa huruma badala ya noti, mnaanza kumtafutia mapepo. Zamani bwana aliogopa bibi asiyejali watoto wa jirani. Leo anayewajali ndiye anatishiwa kurudishwa kwao!

Habari ya pesa ni halali. Kaeni mpange: staji inaisha lini, nani alipe minervali, ada ya shule ya mtoto, hadi hapo, kipi kisubiri. Lakini yazungumzwe chumbani kwenu, si kwa mama yako.

Usiku mtoto akilowesha, amka wewe. Badilisha shuka bila kumgombeza. Kesho yake keti naye chini umsimulie kaka yako alikuwa mtu wa namna gani, na machozi yakija yaache yaje, akuone. Na kwa mama yako nenda mwenyewe, kabla ya Jumapili, umwambie kwamba bibi yako haendi popote.