Sinema ndogo na tamthilia: tiketi nafuu nazipataje?

Swali: Nimehamia jiji kubwa, natamani kumbi ndogo za sinema na maonyesho ya jukwaani ila tiketi bei juu mno, nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, bei ya Jumamosi usiku isikukatishe tamaa. Ulizia maonyesho ya kabla ya uzinduzi rasmi, mara nyingi huwa nafuu, halafu kuna viti vinavyobaki siku yenyewe, New York kibanda cha TKTS kinauza tiketi za punguzo tangu 1973. Ila soma maelezo ya kiti kwanza usije ukakaa nyuma ya nguzo! Sinema ndogo nazo filamu inaweza kupigwa mara moja tu ikapita, fuatilia ratiba yao kila wiki, na bisi nunua hapohapo maana hela nzuri ya tiketi inaenda kwa wasambazaji wa filamu, vitafunio ndo vinawabeba wenye ukumbi.