Gigozi, kaye ya madeni na noti iliyochanika: kwa wewe unayeanza kuuza Kadutu

Kila Septemba, shule zinapofungua na mvua inapoanza kutelezesha vilima vya Bukavu, mashariki mwa Kongo, napata majirani wapya hapa soko la Kadutu. Mama aliyepokea zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, akaona anunue gunia la maharage. Kijana aliyemaliza masomo akakosa kazi. Wengi wao ni watu wa kanisani, wana moyo, wanajua nyimbo nyingi kuliko mimi. Wananiuliza nimefanyaje hata nikadumu hapa miaka kumi na minne nikiuza maharage na unga wa mihogo. Nadhani wanangoja niwaambie juu ya kufunga na kuombea mtaji. Mimi huwaomba kwanza wanionyeshe kipimo chao.

Sisi hapa hatuna mizani. Tuna gigozi, lile kopo la maziwa ya watoto la Guigoz ambalo zamani liliacha maziwa likawa kipimo cha soko zima. Ukilichukua jipya, kitako chake kimelala sawa. Ukikipiga kwa kisigino cha mkono au kwa jiwe, kinaingia ndani kama sahani iliyogeuzwa, na kila gigozi utakayouza itapungua konzi ya maharage. Mteja haoni, kwa sababu anaangalia juu, sio chini. Wengine hawabonyezi kitu: wanaingiza vidole vinne ndani ya kopo wakati wa kuchota. Kwa unga kuna ufundi mwingine, unaumwaga taratibu kutoka juu ili uwe mwepesi, kopo lijae upepo.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Niliyemkuta mahali pangu, mama mmoja mzee wa soko, alinifundisha siku ya kwanza kabisa, kwa upendo, kama mtu anavyomfundisha mtoto kukoroga ugali. "Bila hivyo hautakula," aliniambia. Na nilikuwa nimeokoka tayari. Nilikuwa mwimbaji.

Kilichonishika ni aya ambayo unaisikia kila Jumapili wakati wa sadaka, Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa, na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika, ndicho watu watakachowapa vifuani mwenu." Nilikuwa nimeisikia mara mia, siku zote kikapu kikiwa kinapita. Siku hiyo niliisikia kwa masikio ya muuza unga. Kushindiliwa ni kubana unga kwa kiganja ili upepo utoke. Kusukwa-sukwa ni kutikisa kopo ili maharage yakae, mianya izibe. Kumwagika ni kile kichuguu cha juu ambacho ukiongeza punje moja zinaanguka tano. Na "vifuani mwenu" ni pindo la vazi, vile mama anavyokinga kitenge chake umwagie humo. Yesu alikuwa ameona soko, na watu waliomsikiliza walikuwa wamewahi kuibiwa kipimo kama wateja wangu.

Nilipofika nyumbani nikasoma aya ya kabla yake, ile ambayo kikapu hakiipi nafasi. Aya ya 37 inazungumza juu ya kutohukumu, kutolaumu, kuachilia. Yaani kipimo kile ni cha namna unavyowapima watu, na pesa zimo ndani yake kama punje ndani ya gunia. Nasema hivi bila kuwagombeza wachungaji. Kanisa nalo linalipa umeme. Lakini wewe unayeanza, zisome aya zote mbili pamoja.

Halafu kuna Kumbukumbu la Torati 25:13-14, inayokataza kuwa na mawe ya kupimia mawili mfukoni, kubwa na dogo. Mwanzoni nilijiuliza, mtu abebe mawe mawili ya nini? Hadi nilipokumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na gigozi mbili. Moja nzima, ya kununulia kwa wakulima wanaoshuka na mizigo kutoka Kabare na Walungu, na kwao nilidai kichuguu. Nyingine iliyobonyezwa, ya kuuzia. Torati ilikuwa imeshaandika hesabu yangu.

Kuna jambo dogo hapa ambalo mtu hakuambii. Ukiacha kubonyeza kopo, unabaki na nyongeza. Wateja wetu hawaondoki bila nyongeza, lazima umtupie konzi moja juu na useme "hii ni ya watoto". Miaka yote nilijiona mkarimu kwa konzi ile, na mama anakuombea baraka kabisa, "Mungu akuongezee". Kumbe ilikuwa maharage yake mwenyewe niliyokuwa nimeyapunguza dakika moja kabla. Mpe kwanza kipimo chake kizima. Nyongeza ikishindikana siku hiyo, mwambie imeshindikana.

Je, utakula? Nitasema ukweli: miezi ya kwanza nilipata kidogo kuliko majirani, na mara mbili nilitaka kurudi nyuma. Kilichobadilika ni kwamba wale wenye mikahawa, wanaonunua gigozi ishirini kwa mara moja, huwa wanapima tena nyumbani. Hao ndio walianza kurudi. Sisemi Mungu atakulipa kwa namna hiyo. Nasema tu ndivyo ilivyonitokea mimi, kwenye safu yangu.

Kuhusu bei, sina mengi. Muuzaji wa Kadutu humwapia kiliya wake, yaani mteja. "Kiliya wangu, haki ya Mungu, hata mimi nimenunua hivyo, sina faida." Na mnunuzi naye analia kwamba maharage yana wadudu, kitabu cha Mithali 20:14 kinamcheka, anasema haifai, haifai, akiisha kwenda zake anajisifu. Ni mchezo wa pande zote mbili, na kupatana bei si dhambi. Dhambi iko kwenye kile kiapo. Mathayo 5:37 inataka ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo. Nilijifunza kusema "siwezi kushuka hapo" na kunyamaza. Hakuna aliyewahi kuniuliza sababu. Maelezo yote yale ya mafuta ya mtumbwi kupanda na barabara kukatika, nilikuwa najieleza kwa mtu ambaye hakuuliza.

Sasa noti. Mgeni katika biashara huumia hapa haraka kuliko mahali pengine. Dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, kwetu haipokelewi. Faranga tunavumilia hata zikiwa zimechakaa kama kitambaa, na mabenki yalipofungwa mwanzoni mwa 2025 zilizidi kuchakaa, lakini dola hapana. Kwa hiyo jioni moja, giza limeingia, watu wanakimbia mvua, mtu alinipa noti ya dola kumi katikati ya noti mbili nyingine. Nyumbani, kwenye taa, nikaona pembeni imechanika na kubandikwa kwa gundi nyembamba.

Usiku huo sikulala kwa kupanga. Nilijua nitampa nani: mwenye unga, ambaye huhesabu haraka. Nilijua niiweke ya ngapi. Mume wangu alinisikia nikigeuka-geuka, akasema, "Uliyepewa ni wewe, umpe mwingine, ndivyo inavyozunguka." Ndivyo inavyozunguka kweli. Mathayo 7:12 inasema, "Basi yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo," lakini soko lina aya yake: yo yote uliyotendewa na watu, uwatendee wengine kabla hawajaenda nyumbani.

Kesho yake nilikwenda kwa wabadilisha pesa barabarani, wanaokaa na mafungu ya faranga juu ya meza. Kuna wanaonunua noti zilizochanika kwa bei ya chini. Mmoja wao alinikata dola tatu. Nilikasirika, na sikuona furaha yoyote ya kiroho, nataka ulijue hilo. Lakini baada ya hapo nilinunua taa ndogo ya sola, na nikiuza jioni naangalia kila noti pande zote mbili mbele ya mwenyewe. Watu wananuna kidogo. Kukagua pesa si kukosa upendo.

Jambo lililonifundisha zaidi ya yote ni kaye ya madeni, daftari ninamoandika wanaokopa.

Utakopesha. Usidanganyike na kile kibao cha "leo taslimu, kesho deni", kila mtu anakicheka. Jirani atakuja mwisho wa mwezi, mtoto mgongoni, na utachota. Kulikuwa na mama mmoja, mume wake mwalimu, na mishahara ya walimu kwetu unaijua. Deni lake lilifika gigozi kumi na sita. Akaanza kupita safu ya juu ili asikutane nami. Nilikuwa namwona kichwa tu, kikipita nyuma ya mahema.

Jioni moja nikapanda kwake. Sikubisha hodi sawasawa. Niliingia mpaka jikoni, sufuria kubwa ikiwa motoni, maji ya ugali yanaanza kupiga kelele. Nikamwaga yale maji nje, nikaifunga sufuria ndani ya kitenge changu, bado ya moto, nikashuka nayo. Watoto wanne walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Hakuna aliyelia. Waliniangalia tu.

Wiki tatu sufuria ile ilikaa chini ya kitanda changu. Kisha kwenye ibada ya nyumbani tukafika Kumbukumbu la Torati 24:10 na kuendelea. Ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Na kama ni maskini, vazi lake alilokuwekea rehani umrudishie jua linapokuchwa, apate kulalia. Ilikuwa zamu yangu ya kusoma kwa sauti. Nilifika kwenye "simama nje" sauti ikakatika, nikasingizia kikohozi.

Torati haikukataza kudai. Hilo nilipenda, maana wengine watakuambia Mkristo hadai. Ilimwekea mdai mpaka, mlango. Ndani ya mlango mtu ana heshima yake hata akiwa na deni lako.

Nilirudisha sufuria. Nilisimama nje. Aliipokea, akasema "asante mama", akafunga mlango, na alikuwa na haki ya kuufunga. Nusu ya deni alilipa kidogo kidogo. Nusu nyingine niliifuta miaka miwili baadaye, na nilifuta kwa sababu nilichoka kuiona, sio kwa sababu nilijaa upendo. Tunasalimiana. Zaidi ya salamu hatujafika.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Naandika mbele ya mkopaji kabla sijachota, na yeye anaona tarakimu. Tunapatana siku. Nikidai, namdai peke yake, kwa sauti ya chini, sio safu nzima isikie. Na sikopeshi mtaji: nakopesha kiasi ambacho kikipotea chote, kesho bado nitafungua. Luka 6:35, katika sura ile ile ya kipimo, inasema tukopeshe bila kutumaini kupata malipo. Sijafika huko kwa gunia zima. Nimefika huko kwa gigozi kadhaa kwa mwezi, na hizo siziandiki kwenye kaye kabisa, ili nisije nikazitafuta.

Usimsahau mama anayekubebea mzigo. Anapanda na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka ziwani hadi kwako, na ukimwambia "pita kesho nitakuwa na pesa ndogo" ujue kwamba watoto wake walikuwa wanakula hiyo pesa usiku huu. Kumbukumbu 24:15 inasema alipwe siku yake, jua lisichwe juu ya ujira wake. Pesa ya mbeba mizigo iweke kando asubuhi, kabla hujauza chochote.

Ukiingia kwenye chama cha akiba, AVEC au likelemba, utakutana na mtu atakayesema kwamba ndugu katika Kristo hawahesabiani. Mwepuke. Paulo alipobeba mchango wa makanisa kupeleka Yerusalemu alikubali kusindikizwa na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu. Iko katika 2 Wakorintho 8. Kasha letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa akina mama watatu, na mmoja wao ni mke wa pasta, na yeye pia anahesabiwa.

Jumapili funga. Najua hasara yake. Ila Amosi 8:5 inanichekesha na kunichoma pamoja: wafanyabiashara wamekaa sabatoni wakiuliza itapita lini wakafungue ngano, wapunguze efa, kipimo chao cha nafaka. Walikuwa ibadani kwa mwili. Mimi pia nimewahi kukaa kwaya nikihesabu magunia yanayotoka Minova kwa mtumbwi, na mapigo ya ngoma sikuyasikia. Aya inayofuata inawataja hata kwamba waliuza takataka za ngano. Vumbi la chini ya gunia, lile unalotaka kulichanganya Jumamosi jioni kukiwa na giza, wape kuku.

Mahali pangu ni safu ya unga, hatua chache kutoka kwenye ngazi. Gigozi yangu nimeipaka rangi ya bluu kwenye ukingo ili isibadilishwe. Ukipita, ichukue, uigeuze, uguse kitako kwa kidole gumba. Majirani wanajua, hakuna atakayekushangaa. Kisha niletee na yako.